Chapa ya Halmashauri Iliyokufa

"Kiache!"

"Kiache wewe! Kimetoka chini ya meza yangu, si yako!"

"Mmesikia? Anasema mwenyewe! Koplo, andika hapo, amekiri!"

Wanaume wawili walikuwa wameshikilia chuma kimoja katikati ya korido ya ofisi ya mifugo, kila mmoja na ncha yake. Kilikuwa chuma cha kupigia ng'ombe chapa ya moto: fimbo nyeusi yenye duara mwishoni, na mstari mmoja uliolikata duara hilo katikati. Aliyeshika duara alikuwa Hemed Kombo, afisa mifugo wa iliyokuwa Halmashauri ya Mji wa Mwalushoka. Aliyeshika mpini alikuwa Januarius Lutonja, afisa mifugo wa iliyokuwa Halmashauri ya Wilaya ya Mwalushoka. Tangu Julai halmashauri hizo mbili zilikuwa zimeunganishwa kuwa moja. Januarius alipewa ukuu wa idara na ofisi yenye feni. Hemed alipewa meza kwenye korido.

Inspekta Harieth Rwechungura, wa ofisi ya upelelezi ya mkoa, Bariadi, alisimama mlangoni na Koplo Ndaki nyuma yake. Hakuwaamulia. Watu wakigombana husema bure mambo ambayo ungetumia asubuhi nzima kuwauliza.

"Tangu Julai namuuliza huyu chuma cha mji kiko wapi," Januarius alimwambia Ndaki, bila kuachia mpini. "Anasema alikileta. Leo mhudumu amefagia chini ya meza yake, amekuta nini? Chuma! Ndani ya kiroba!"

"Kilikuja na lori lako! Vitu vyetu vyote vilikuja na lori lako, vikamwagwa kwenye stoo yako. Ufunguo wa stoo anao nani? Mimi hapa hata ufunguo wa choo sina."

"Choo kiko wazi."

"Hata ufunguo wa kibanio cha ng'ombe hunipi! Nikitaka kuchanja ndama mmoja nakuja kukuomba kama mtoto anayeomba hela ya andazi."

"Kwa sababu nyinyi wa mjini mkipewa kitu hakirudi!"

"Mmemaliza?" Harieth aliuliza.

Waligeuka wote wawili.

"Kiwekeni chini. Taratibu. Mmeshakipaka vidole vyenu kuanzia juu mpaka chini, asanteni sana kwa kazi nzuri."

Chuma kilitua sakafuni. Ndaki alivaa glavu, akakifunga kwenye gazeti.

"Afande, naona kesi yako imekwisha," Januarius alisema, akijifuta mikono na leso. Alikuwa mtu mrefu, shati limepigwa pasi, bonge la funguo limening'inia kwenye mkanda. "Ng'ombe wa wizi wana chapa ya mji. Chuma cha mji kimekutwa kwa mtu wa mji. Unatafuta nini tena?"

"Chakula cha mchana. Lakini bado ni mapema. Bwana Hemed, usitoke Mwalushoka. Bwana Januarius, na wewe pia."

"Mimi nimefanya nini?"

"Sijui. Ndiyo maana usitoke."

Nje, kwenye gari, Ndaki aliendesha mpaka walipopita geti. Alikuwa kijana wa Lagangabilili, mtoto wa wafugaji, na kazi yake kwa Harieth ilikuwa kuendesha gari, kuzungumza Kisukuma na kumpinga. Ya tatu aliifanya vizuri kuliko zote.

"Hemed amekwisha," alisema.

"Kwa nini?"

"Kanyimwa cheo, kanyimwa ofisi, ana hasira. Ana chuma. Anapiga chapa ng'ombe wa watu, anauza."

"Halafu chuma anakificha chini ya meza yake mwenyewe, kwenye korido ambayo mji mzima unapita."

Ndaki alikuna shingo. "Watu wenye hasira hawana akili, afande."

"Wezi wanayo. Twende kituoni."

Shauri lenyewe lilikuwa fupi. Milembe Nhandi, mjane wa kijiji cha jirani, alikuwa na ng'ombe sita, wawili kati yao maksai wa kulimia. Marehemu mumewe aliwaweka kwenye zizi la mdogo wake, Maige, kama watu wa huku wanavyofanya: mali yako hailali zizi moja. Wiki iliyopita Milembe alikwenda mnadani kununua chumvi, akawaona ng'ombe wake sita wamesimama kwenye kundi la mfanyabiashara mmoja, na chapa ya mji mapajani. Alipiga kelele mpaka polisi wakaja. Polisi waliwazuia ng'ombe, wakamkamata Maige, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwatunza. Mfanyabiashara alionyesha kibali cha kusafirisha. Mkuu wa polisi wa wilaya akaamua hivi: mpaka mnada unaofuata, saa kumi jioni, kama hakuna uthibitisho kwamba ni wa wizi, mwenye kibali apakie.

Mnada unaofuata ulikuwa leo.

Maige alitolewa mahabusu akiwa pekupeku. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, na alikaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kingetozwa kodi.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia kwa Kisukuma: habari ya asubuhi, mama.

"Mwangaluka," Harieth aliitikia. Salamu hiyo aliimudu. Zaidi ya hapo alimtegemea Ndaki. "Nieleze tangu mwanzo. Kwa Kiswahili, polepole. Ukikwama mwambie Ndaki."

Maige alieleza. Baada ya halmashauri kuunganishwa ilitangazwa kwamba ng'ombe wote wapigwe chapa mpya. Ya wilaya ilikuwa pembetatu, ya mji ilikuwa duara lenye mstari. Kamati ilishindwa kuchagua, ikaamua pembetatu ikae ndani ya duara, na kila mtu akaenda nyumbani ameridhika isipokuwa ng'ombe. Mwezi wa nane Maige aliswaga zizi zima, wake na wa shemeji yake, mpaka josho la wilaya. Foleni ilikuwa ndefu, wafanyakazi wengi, wa halmashauri zote mbili, wamevaa ovaroli zinazofanana.

"Sita zikatolewa kwenye foleni mapema," alisema. "Wakasema hizi zina upele, zinabaki karantini, njoo kesho. Nikaenda kesho. Wakasema karantini iko kwa watu wa mji. Nikaenda mjini. Pale mlinzi akasema hapa hapana ofisi tena, rudi wilayani. Nikarudi wilayani. Wakaniambia wewe mzee, si tulikwambia ni mjini?"

"Nani alisema zina upele?"

"Mtu wa ovaroli."

"Jina?"

"Ovaroli haina jina, mayu."

"Hao sita walikuwa na chapa yoyote kabla ya siku hiyo?"

"Hazikuwa na chapa. Kaka alikataa miaka yote. Alisema ng'ombe yangu siyo gunia la pamba."

"Shemeji yako ulimwambia lini?"

Maige aliangalia miguu yake. Kisha alijibu kwa Kisukuma, sentensi moja ndefu.

"Anasema hakumwambia," Ndaki alitafsiri. "Anasema angeanzaje? Ng'ombe za marehemu, alipewa azilinde. Alikuwa anasubiri azipate kwanza ndipo aseme zilipotea."

Maige aliporudishwa ndani, Ndaki alifunga mlango. "Afande, kauza huyu. Hadithi ya ofisi mbili ni nzuri, lakini kauza."

"Mlinzi wa ofisi ya zamani ya mji anaitwa nani?"

"Joakim."

"Mpigie. Usimuulize kuhusu ng'ombe. Muulize kama kuna mtu alikuwa anamsumbua mwezi wa nane."

Ndaki alipiga. Alisikiliza, akacheka kidogo, akaacha kucheka.

"Anamkumbuka. Anasema mzee mmoja alikuwa akija kila asubuhi, anasimama getini na fimbo yake, anaulizia karantini. Anasema mwishowe alikuwa anampa uji, kwa sababu alikuwa haondoki."

"Aliyeuza ng'ombe haendi kuwaulizia kila asubuhi."

"Basi ni Hemed," alisema Ndaki.

"Basi twende tukawaone ng'ombe."

Mnada ulikuwa umechangamka. Vumbi, mbuzi, muuza dawa za minyoo na kipaza sauti kibovu. Zizi la ng'ombe waliozuiwa lilikuwa pembeni, na lori la mfanyabiashara lilikuwa limeshageuza matako kwenye ngazi ya kupakilia. Mwenyewe, Gregory, alikaa kivulini mwa lori akila muwa. Alivaa kofia pana na viatu vya ngozi visivyo na vumbi. Namna gani aliviweka safi mahali pale, Harieth hakuelewa.

"Mama Inspekta, shikamoo."

"Umri wetu haupishani hivyo. Habari ya asubuhi inatosha."

"Haya, habari ya asubuhi. Ng'ombe wangu wanakonda. Ng'ombe wa nyama akikonda mimi nauza ngozi na pembe. Saa kumi napakia, au siyo?"

"Saa kumi bado. Uliwanunua kwa nani?"

"Mwandoya, sokoni. Kwa mtu. Niliangalia chapa, nikaona ya mji wa Mwalushoka, nikasema hawa hawana tatizo. Chapa ya zamani, safi."

"Kwa nini hukwenda kuulizia ofisini?"

Gregory alitema kapi la muwa. "Ofisi ipi, mama? Halmashauri imekufa. Ningemuuliza nani, kaburi?"

"Hilo ni neno la maana," Harieth alisema. "Kwa chapa mpya ungeuliza, na wangekutajia mwenye ng'ombe. Kwa hii hakuna wa kuulizwa."

"Mimi sijasema hivyo."

"Nimesema mimi."

Upande wa pili wa zizi, mwanamke aliyevaa kanga iliyopauka alikuwa akipitisha majani katikati ya fito. Alikuwa Milembe. Kwa wiki nzima alikuja kila siku kulisha ng'ombe ambao kila mtu alimwambia si wake.

"Mama, ni hawa kweli?" Harieth alimuuliza.

"Yule mwenye baka kichwani ni Kamanda. Yule mwekundu ni Mwalimu. Wanalima pamoja tangu wana meno mawili." Milembe hakugeuka. "Mvua imeshapiga Maswa, itafika hapa wiki hii. Wenzangu wanatifua. Wakipanda lori hawa, mimi pamba nitalima na kucha?"

Kisha akaita, kwa sauti ya shambani: "Kamanda!"

Ng'ombe mwenye baka aligeuza kichwa.

"Ng'ombe yeyote akiitwa anageuka," Gregory alisema kutoka kivulini. "Hata mimi nikiitwa na mwanamke nageuka."

Waliokuwa karibu walicheka. Milembe hakucheka. "Wewe ukiitwa unageuka kwa sababu una madeni," alisema, na safari hii walicheka zaidi.

Harieth aliingia zizini. Alimzunguka kila ng'ombe, akapiga picha, akagusa kovu. Duara lenye mstari, paja la kulia. Ngozi ilikuwa imeshapona na kuwa ngumu; daktari wa mifugo kutoka Bariadi alikuwa ameshamwambia kwenye simu kwamba kovu la namna hiyo laweza kuwa la miezi mitatu au la mwaka, na hataapa mahakamani.

"Ndaki. Wewe umefuga. Huyu alipigwa chapa akiwa amelala au amesimama?"

Ndaki alichuchumaa. "Porini tunamwangusha kwa kamba. Ukimwangusha anapiga mateke, chapa inakaa kombo, au inaburuzika. Hii imenyooka." Alihamia kwa wa pili, kisha wa tatu. "Zote zimenyooka, afande. Kimo kimoja, mahali pamoja. Hawa walibanwa kwenye kibanio."

"Cha josho."

"Cha josho. Kibanio kizuri."

Harieth alitoka zizini na kusimama akiangalia mnada. Ng'ombe wa mjini na wa vijijini walikuwa wamechanganyika. Mama mmoja muuza maziwa alipita akivuta ng'ombe mzee mwenye duara na mstari. Harieth alimfuata kwa macho mpaka akapotea nyuma ya mbuzi.

"Ndaki, zunguka mnada. Kila ng'ombe mwenye chapa ya zamani ya mji, niambie iko paja gani. Usiulize mtu, angalia tu, na upige picha kwa simu yangu."

"Paja gani?"

"Kulia au kushoto. Umekwenda shule."

Ndaki alikwenda. Alirudi akitembea polepole kuliko alivyoondoka.

"Kushoto," alisema. "Afande, wote kushoto. Nimetafuta wa kulia nimekosa. Wenye pembetatu ya wilaya ndio wa kulia."

"Mlete Hemed. Tukutane josho la mji."

Josho la mji lilikuwa nyuma ya ghala la zamani la pamba, na Hemed alilifungua kwa ufunguo aliouvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota kwenye sakafu. Kibanio kilikuwa njia nyembamba, ng'ombe mmoja nyuma ya mwingine, ikielekea kwenye mtaro wa dawa. Upande wake wa kulia haukuwa na fito hata moja. Ulikuwa ukuta wa ghala, mawe matupu, mrefu kuliko mtu.

"Kwa nini hivi?" Harieth aliuliza.

"Kubana matumizi. Ukuta ulikuwepo, wakaona upande mmoja usijengwe. Kwa hiyo unasimama huku tu." Hemed alisimama upande wa kushoto kuonyesha. "Miaka yote niliyokaa hapa, kuchanja ni kushoto, chapa ni kushoto. Nikilala usiku nalalia kushoto."

"Wakiingizwa kinyume?" Ndaki aliuliza.

"Kule mwisho ni mtaro. Akiingia kinyume anaanza kwa kuogelea."

"Ng'ombe wa Milembe umewaona?"

"Nimewaonea wapi? Januarius alipita ofisini akatangaza kwamba mtuhumiwa asisogelee zizi la polisi, nikakaa kwenye meza yangu. Wana nini?"

"Chapa yako. Paja la kulia."

Hemed aligeuka. Akatazama ukuta. "Hao hawakupita hapa," alisema. "Haiwezekani. Labda mtu abomoe ghala."

"Januarius anajua habari ya ukuta huu?"

"Atajulia wapi? Afande, mimi natoka Tanga, nilipofika huku nilishangaa. Ofisi mbili za serikali, barabara moja, hawasalimiani. Sisi hatukukanyaga kwao, wao hawakukanyaga kwetu. Misibani wa mji hema lao, wa wilaya hema lao. Marehemu akiwa ameoa huku na kule, familia inakodi mahema mawili."

Ndaki alicheka, akajizuia.

"Funga," Harieth alisema. "Ufunguo nipe mimi. Utarudishiwa."

Walipoingia yadi ya wilaya, Januarius alikuwa akiwasimamia vibarua wanaopaka rangi geti: maneno "Halmashauri ya Wilaya" yalikuwa yanafutwa ili yaandikwe mengine. Alimkaribisha Harieth kivulini. Hakuonekana na wasiwasi.

"Umemkamata?" aliuliza.

"Bado kidogo. Nina maswali ya utaratibu. Kibanio chako naweza kukiona?"

Alikionyesha kwa fahari. Kilikuwa cha mabomba ya chuma, kimepakwa rangi. Upande wa kushoto kilipakana na kisima cha maji machafu ya dawa, chenye uzio. Watu walisimama kulia. Geti lake lilikuwa na kufuli kubwa.

"Kufuli lina funguo ngapi?"

"Mmoja. Huu." Januarius aligonga mkanda wake. "Hautoki kiunoni kwangu."

"Hata mwezi wa nane, wakati wa zoezi la chapa?"

"Hata mwezi wa nane. Mimi nafungua, mimi nafunga. Vifaa vya serikali, afande, ukilegea wanang'oa mpaka bawaba."

"Jioni, kazi ikiisha, Hemed hakuwahi kuutumia? Hata kwa dharura?"

"Hemed?" Januarius alicheka. "Ufunguo huu Hemed aushike? Labda nife."

Ndaki alikuwa anaandika. Harieth alisubiri amalize.

"Na josho la mji, umewahi kufika?"

"Kufanya nini? Pale nyuma ya ghala? Sijakanyaga, na sina mpango. Tunalifunga mwakani."

"Kwa hiyo hujui walivyokuwa wakipiga chapa."

"Kuna nini cha kujua? Walipiga kama kila mtu." Aligeuka nusu, akajipiga kofi kwenye paja lake mwenyewe. "Hapa. Kulia."

Vibarua waliendelea kupaka rangi. Harieth alitoa simu, akafungua picha, akampa. Ng'ombe wa muuza maziwa. Fahali wa mchinjaji. Ndama wawili wa mwalimu. Aliziangalia moja moja, na kidole chake kilizidi kuwa kizito.

"Kushoto," alisema mwishowe. "Walikosea."

"Wote? Miaka yote? Wana ukuta wa mawe upande wa kulia, Bwana Januarius. Hata wangetaka wasingeweza. Ng'ombe wa mji ni wa kushoto, kila mmoja. Isipokuwa sita walioko kwenye zizi la polisi."

"Basi Hemed alibadilisha upande, ili—"

"Ili nini? Aliyepiga chapa ile alitaka wafanane na ng'ombe wa mji wa siku nyingi. Hemed angetaka wafanane, angepiga kushoto, kwenye josho lake, ambalo ufunguo ulikuwa shingoni kwake. Huyu mwingine alipiga kwenye kibanio cha kulia. Mwalushoka kibanio cha kulia ni hiki tu. Ufunguo wake ni mmoja, na haujawahi kushikwa na mtu mwingine. Hayo umesema wewe, sikukulazimisha. Hemed aushike, labda ufe."

Januarius alimrudishia simu. Mkono wake mwingine ulikuwa umefunika bonge la funguo.

"Chuma kilikuja kwenye lori lako," Harieth aliendelea, kwa sauti ileile, "ukakiweka stoo, ukasema hakikufika. Ng'ombe wa Milembe hawakuwa na chapa, ukaona bahati. Chapa mpya ina wa kuulizwa, ya mji haina. Uliona jambo moja vizuri sana: kwamba tangu Julai mtu akipoteza kitu, kila ofisi itamwelekeza kwa nyingine mpaka achoke. Milembe alipopiga kelele mnadani, chuma kikahamia chini ya meza ya Hemed. Ungetembea tu hadi nyuma ya ghala, ungejua upande. Ni mwendo wa kuvuta sigara moja."

"Nataka wakili."

"Ni haki yako."

Simu ya Harieth iliita. Alikuwa bosi wake wa Bariadi. Alisogea pembeni, lakini sauti ya upande wa pili ilikuwa kubwa na Ndaki aliisikia yote.

"Harieth, nimeambiwa uko yadi ya halmashauri. Kesho ndiyo kikao cha kwanza cha baraza jipya. Madiwani wa pande zote mbili wanakaa ukumbi mmoja kwa mara ya kwanza, na wewe unataka kuwapa jambo la kurushiana viti? Mkamate Ijumaa. Ng'ombe wabaki zizini kama vielelezo mpaka kesi iishe."

"Kesi itaisha lini, afande?"

"Mimi ni hakimu?"

Harieth aliangalia juu. Upande wa Maswa wingu lilikuwa limeshajaa, jeusi chini. Ng'ombe wanaokaa kwenye zizi la polisi hulishwa na asiye na bajeti ya majani. Maksai wawili wangesimama pale msimu mzima, na wangetoka mifupa, kama wangetoka.

"Afande, nimekusikia," alisema. "Kuhusu mtuhumiwa umechelewa kidogo, nimeshamweka chini ya ulinzi, na ana funguo za stoo yenye ushahidi. Nikimwacha mpaka Ijumaa hapatakuwa na stoo. Kuhusu vielelezo, ninavyo kwenye picha, na ng'ombe nitamkabidhi mwenyewe awatunze chini ya dhamana. Hakimu akiwahitaji wataletwa. Wana miguu."

"Utaandika maelezo," bosi alisema.

"Leo leo, afande."

Alikata simu. "Ndaki, mfunge pingu. Funguo hizo ziingie kwenye mfuko wa vielelezo. Halafu mpigie wa kituoni amlete Maige mnadani."

"Sasa hivi?"

"Mvua haingoji Ijumaa."

Gregory aliliona gari la polisi likiingia, akamwona aliyekaa nyuma, akasimama. Muwa ulimwanguka.

"Mimi nilinunua tu!" alisema kabla hajaulizwa. "Mama Inspekta, mbele ya Mungu. Kwa shemeji wa huyo mliyemfunga pingu, kule Mwandoya. Kristofa anaitwa. Akaniambia ni wa urithi."

"Asubuhi alikuwa mtu tu. Sasa ana jina na shemeji. Utakuja kituoni kuandika yote, pamoja na kwa nini hukuyasema asubuhi. Geuza lori lako."

Maige alishushwa kwenye pikipiki ya kituo, bado pekupeku. Alisimama mbali na zizi. Milembe alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu, na watu waliokuwa karibu wakanyamaza ili wasikie.

"Shemeji, umekonda," alisema. "Na ulipokuwa unazunguka maofisini peke yako, mimi sikuwa na miguu?"

"Nilikuwa na aibu, mayu."

"Aibu ingelima shamba?" Alielekeza kidole kwenye uzio, mahali ilipoegemezwa nira aliyokuwa ameibeba kutoka nyumbani tangu alfajiri, na kila mtu alidhani amechanganyikiwa. "Ichukue."

Maige aliinua nira, akaingia nayo zizini, akaishika hewani kwa mikono miwili. Hakuita mtu. Ng'ombe mwenye baka alitoka kwenye kundi, akaja akasimama upande wa kulia wa nira, shingo imeinama. Yule mwekundu alimzunguka kwa nyuma, akaenda kusimama kushoto. Wakasubiri.

Gregory alivua kofia.

"Ndaki," Harieth alisema, "piga picha hiyo, kisha fungua lango."

Ndaki alipiga picha. Akafungua lango.